Durvamir

Makofi yalipigwa mlangoni saa ile ya mchana ambayo hata mbuzi hawatoki kivulini, na Durvalina, aliyekuwa amepiga magoti akipuliza moto wa kahawa, akaitika kabla hajafikiri. Pale kijijini Poço da Umburana hakuna anayegonga mlango. Mgeni husimama nje, hupiga makofi, huita, "Enyi wa nyumbani!" nawe unajibu, "Enyi wa nje!" huku bado unafuta mikono, ndipo unakwenda kutazama ni nani. Ndivyo alivyolelewa. Akajibu, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda.

Hapakuwa na mtu.

Njia nyeupe, jua, uzio wa miba wa jirani, punda wa mtu amesimama amefumba macho. Ndipo akakumbuka kwamba aliyepiga makofi hakuita. Alipiga tu, na yeye akajibu. Angesema ni watoto, watoto wa pale wamezaliwa na utundu, ila makofi yale hayakuwa ya mikono mikavu. Yalikuwa ya majimaji, kama mikono iliyotoka kwenye beseni sasa hivi, na madogo. Kizingiti kilikuwa kikavu. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwaka jana. Lakini pale mlangoni palikuwa na harufu aliyoijua na hakuweza kuitaja, akasimama akiinusa kama mjinga, mpaka aliporudi ndani na kumwinamia mwanawe kwenye machela ya kulalia iliyofungwa kati ya kuta ndipo ikamjia: ni harufu ya chumba hiki hiki siku alipojifungua, maji ya uzazi, damu, na joto la mwili uliofunguka.

Mtoto alikuwa macho. Hakulia. Alikuwa anatazama mlangoni.

Aliitwa Luzia, kwa sababu alizaliwa siku ya mtakatifu wa jina hilo, na hakuwa amebatizwa bado. Baba yake wa ubatizo alikuwa mji wa mbali wa São Paulo anajenga maghorofa ya watu, na alikuwa ameahidi kuja na basi wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mwezi wa sita. Kumbatiza bila yeye lingekuwa tusi. Basi wakangoja, na kwa kuwa mtoto asiyebatizwa ni mlango usio na komeo, Durvalina akafanya alivyofanya mama yake na nyanya yake: akawasha taa ya mafuta chumbani na hakuiacha izime, usiku wala mchana.

Sasa, kabla Luzia hajawa Luzia, kila mtu alijua ni mvulana. Tumbo lilikuwa limechongoka. Sindano iliyoning'inizwa kwenye uzi juu ya tumbo ilizunguka kivulana. Na Durvalina na mumewe Valdemir, wamelala kwenye machela moja wakicheka kama watoto watoro, wakamtengenezea jina. Kule kwao hilo si ajabu, nusu ya watoto wa mtaa wanaitwa majina ambayo hayapo popote duniani, kipande cha baba na kipande cha mama vimeshonwa pamoja. Wakajaribu hiki na kile. Mwishoni Durvalina ndiye aliyelipata: Durva wa kwake, mir wa mumewe.

"Durvamir," alisema.

"Lina uzito," Valdemir akasema. "Hilo ni jina la mwanaume mwenye farasi."

Na tumbo likapiga teke. Tangu siku hiyo aliliita hivyo. Durvamir kala, Durvamir kalala, Durvamir leo kanikalia kwenye kibofu. Miezi mingi. Halafu akazaliwa msichana, na jina likabaki limekaa tu, kama shati dogo lililoshonwa halafu asipatikane wa kulivaa.

Valdemir hakuwa mtu wa kuacha kitu kipotee. Kazi yake ilikuwa kutunga hadithi za mashairi na kuziuza sokoni Jumamosi, vile vijitabu vyembamba vinavyoanikwa kwenye kamba kwa vibanio kama nguo zilizofuliwa. Alikuwa ametunga hadithi ya kutisha, kitu kimoja kinachozunguka nyumba yenye kichanga, na hakuwa na kichwa cha kukiweka juu yake. Mzee Abdias, mwenye mashine ya kuchapia, alimwambia aweke kitu kinachoeleweka, Harusi ya Mtoro, Mjane na Kasuku Wake, watu wajue wananunua nini.

"Neno wanalolijua wanalipita," Valdemir alimwambia. "Neno wasilolijua wanasimama, Mzee. Wanaona haya kuondoka bila kulijua."

"Na mimi nichonge picha gani kwenye jalada? Hilo dude likoje?"

"Chonga mlango tu. Umefungwa."

Usiku ule alimwuliza mkewe kama angeona vibaya akilitumia lile jina. Durvalina alikuwa ananyonyesha, kachoka, nywele zimemwangukia usoni. "Lichukue," akasema. "Halina mwenyewe."

Kijitabu kiliuzika kama mkate. Ndiyo maana, siku ya makofi, Valdemir aliporudi jioni amejaa vumbi na furaha, Durvalina alitaka kumwambia na akashindwa aanzie wapi. Alisema tu, "Kuna mtu alipiga makofi leo, nikatoka, sikumwona." Naye akasema, "Atarudi, kama alikuwa na shida," akaketi kula kuskusi ya mahindi na maziwa, akitikisa mguu kwa mapigo ya shairi jipya.

Akarudi kweli. Kesho yake, saa ile ile ya jua kali. Durvalina hakujibu. Alisimama katikati ya chumba amemshika Luzia kifuani na kiganja amekiweka juu ya sikio la mtoto, na makofi yakapigwa taratibu, kwa adabu, kama ya mtu anayejua kwamba wenyewe wapo.

Jumamosi Durvalina akasema atakwenda sokoni na mumewe. Valdemir akashangaa, jua lote lile na kichanga, lakini hakubisha. Alifika akakaa nyuma ya gunia la unga wa muhogo la mwanamke mmoja wa mlimani, chini ya turubai, mtoto kamfunika kwa khanga ya tetroni, akamtazama mumewe akipanda juu ya kreti. Alipenda kumwona pale. Ndiye mwanaume aliyemwoa kwa sababu ya sauti.

"Durvamir!" Valdemir akaita, mkono mmoja juu. "Durvamir! Durvamir, enyi watu, Durvamir!"

"Ndiyo dawa ya minyoo hiyo?" mchuuzi wa jibini akapaza sauti, na watu wakacheka.

"Ni jina la mama mkwe wake!" mwingine akadakia.

"Mama mkwe wangu ana ndevu kukushinda wewe," Valdemir akajibu, "lakini haitwi hivyo. Hakuna anayeitwa hivyo. Hilo neno hamjawahi kulisikia, baba zenu hawajalisikia, na padri ukimwuliza atakohoa. Sogeeni. Sogea, shangazi, nisije nikapasuka koo."

Wakasogea. Akaanza kusoma, nusu anaimba, na soko lote upande ule likanyamaza polepole, wauza sukari guru, wauza kamba za ngozi, hadi jogoo waliofungwa miguu. Alisoma mpaka pale. Siku zote ni mpaka pale, ndivyo kazi ile ilivyo: unamfikisha mtu mahali ambapo hawezi kupumua, kisha unafunga kijitabu, na anayetaka kupumua anunue. Mahali pake palikuwa hapa:

*Mama fungua mlango,*
*mchana jua ni kali,*
*ni mimi wako Durvamir,*
*nimetoka huko mbali,*
*nimeona mwanga ndani,*
*nipishe hapo mahali.*

Akafunga. "Je, alifungua?" akauliza, akizungusha macho. "Mama yule, alifungua au hakufungua? Durvamir bado yuko mlangoni anangoja! Nani anataka kujua?"

Na katikati ya kelele za watu kunyoosha mikono, nyuma ya kichwa cha Durvalina, karibu sana, chini sana, kimo cha kiti, kitu kikasema kwa sauti ya maji kinywani:

"Naam, baba."

Hakugeuka. Shingo ilikataa. Aliona tu kwamba Luzia, ndani ya khanga, alikuwa ameacha kunyonya na anatazama juu ya bega la mama yake, macho yanafuata kitu kinachopita taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na harufu ile ikaja, siyo ya soko, siyo ya ngozi wala ya jibini, ile yake, ya chumba chake, na mwanamke wa mlimani akakunja pua akasema, "Mungu wangu, kuna mtu amezaa hapa?"

Njiani kurudi alimwambia mumewe yote kwa mkupuo mmoja bila kuvuta pumzi. Valdemir alicheka mwanzoni. Kisha hakucheka.

"Durva, mimi ndiye niliyelitunga. Nilitunga nimekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, nakula ndizi. Hakuna kitu."

"Jina hukulitunga wewe. Nililitunga mimi."

"Basi umetunga wewe. Wewe ni mchawi?"

"Nililitunga kwa ajili ya mtoto, Valdo. Nilimwita nalo mpaka akageuka tumboni. Na wewe kila Jumamosi unalipigia kelele mbele ya watu, unamwita, unamfikisha mlangoni, unamwacha pale. Wiki nzima. Pale mlangoni!"

Valdemir akahamishia furushi la vijitabu bega jingine. "Lakini mwisho upo," akasema. "Ukurasa wa mwisho padri anakuja na msalaba, dude linapasuka kama boga, kwisha habari. Kila aliyenunua anajua."

"Wanasoma kimoyomoyo majumbani kwao. Umewahi kuusoma kwa sauti?"

Hakuwa amewahi. Nani angenunua?

Basi jioni ile ile, kengele ya Salamu Maria ilipolia na mbingu ikawa ya rangi ya chungu kilichopasuka, Valdemir akasimama ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaugeukia mlango uliofungwa na komeo limewekwa, akasoma Durvamir tangu mstari wa kwanza. Hakuimba, alisoma kama mtu anayesoma barua ya benki. Alifika pale, akapita pale. Durvalina alisikia sauti yake ikitetemeka kidogo kwenye kuvuka, kama mtu anayekanyaga mto asioujua kina chake. Padri akaja. Msalaba ukainuliwa. Dude likapasuka, moshi, kiberiti, alfajiri, na mtunzi akajitaja kwenye ubeti wa mwisho na kuomba radhi kwa makosa. Akafunga kijitabu. Nyumba ilikuwa kimya hata sauti ya utambi wa taa ikasikika.

Na nje, karibu kabisa na ubao, makofi yakaanza. Hayakuwa ya kubisha hodi sasa. Yalikuwa ya mtazamaji aliyefurahi, mepesi, ya haraka, ya majimaji, yakaendelea na kuendelea, vikono vidogo vinavyompigia baba yake makofi kwa kazi nzuri, mpaka Valdemir akakaa chini sakafuni, akaweka kijitabu juu ya kichwa chake kama mtu anayejikinga na mvua.

Kesho yake Valdemir aliteremsha kamba ya vijitabu. Alisema hatakiuza tena, atakibadilisha kichwa, atakiita kitu chochote, Mjane na Kasuku. Alikwenda kwa Mzee Abdias kuchukua vilivyobaki, akarudi mikono mitupu na uso wa mtu mwingine. Vilikuwa vimeisha. Watu wa miji ya jirani walivichukua. Na njiani, alisema, watoto walikuwa wanacheza. Mmoja anasimama nyuma ya mlango, mwingine anapiga makofi nje, na wote wanaliita kwa sauti. Kuna mtu amempa farasi jina hilo. Kuna bibi anawatisha nalo wajukuu wasiotaka kulala.

"Siwezi kulirudisha, Durva. Limetoka. Lipo kwenye vinywa vya watu."

Ndipo Durvalina alipomfunga mtoto kifuani na kwenda kwa Bi Quitéria, akitembea karibu mbio, akipita upande wa jua kwa sababu kivulini kulikuwa na sauti ya nyayo zilizolowa.

Bi Quitéria alikuwa mjane aliyeombea nusu ya wilaya, jicho la husuda, tumbo la kushuka, nyoka, wanaume. Hakumwuliza mtu kitu kabla ya kuomba. Alichuma kishada cha majani machungu uani kwake, akamketisha Durvalina kwenye kigoda, akaanza kumpitishia mtoto majani kichwani mpaka miguuni, midomo inakwenda bila sauti. Majani yalikuwa mabichi. Yaliponyauka hakuna aliyeshangaa, huwa yananyauka. Ila haya hayakukauka. Yalilowa. Yalilegea mkononi mwake yakawa mazito na meusi, na tone likamwangukia kwenye kiatu.

Akayaweka chini. "Umewahi kupoteza mimba, mwanangu?"

"Hapana, Bi Quitéria."

"Usinifiche. Hapa wamelia wake za wakubwa."

"Naapa kwa mwanangu."

"Wanaopotea bila ubatizo hulia, hilo nalijua, nimewanyamazisha wengi. Unamnyunyizia maji pale unapomsikia, unampa jina, anapumzika. Lakini huyu anayekufuata hakufa. Na asiyekufa mimi nitampumzishaje?" Akamtazama. "Mumeo anatangaza nini sokoni? Vitoto vinapita hapa vinaita."

Durvalina akamweleza. Machela, kicheko, Durva na mir. Tumbo. Kijitabu. Bi Quitéria alisikiliza huku akifuta kiatu chake kwa kona ya sketi, akakifuta hata kilipokuwa kimekauka zamani.

"Kipande chako na kipande chake," akasema mwishoni. "Kama mtoto anavyofanywa. Watu hufanya mtoto kisha wakatafuta jina. Nyinyi mmefanya jina, mkalilisha, mkaliita likageuka, halafu mkalinyima mtoto. Na juu yake mkaenda kuliita sokoni."

"Linataka nini?"

"Wewe ungetaka nini, ukiitwa nyumbani kwenu kila wiki na mlango umefungwa?" Akamshika Luzia kisigino, kwa upole. "Linataka pa kukaa. Na hapa pana mahali. Huyu hana maji kichwani, hana kitu kilichomfunga kwenye jina lake. Luzia, Luzia, hilo mnalitamka tu. Mbele ya Mungu bado ni wazi. Hakuna kungoja mwezi wa sita, unanielewa? Mtu wa São Paulo atanuna, mwache anune. Kesho nakuja, nitambatiza nyumbani mimi mwenyewe, kama mtoto aliye karibu kufa. Nikishambatiza hakuna nafasi tena, litaondoka lenyewe, litakwenda kuwa jina la farasi."

Halafu Durvalina alipokuwa mlangoni, bibi akamrudisha kwa mkono, akashusha sauti.

"Nitauliza mara moja, mnampa mtoto huyu jina gani. Unajibu wewe. Hapo hapo. Kwa sauti. Kwa sababu maji yanachukua jina lililotajwa kwanza, na ubatizo haurudiwi, hata padri haurudii. Umenielewa, binti?"

"Nimekuelewa."

Usiku ule wote alifanya mazoezi. Luzia, alisema, Luzia, Luzia, mbele ya taa, mpaka Valdemir akamwomba anyamaze.

Bi Quitéria alikuja na shali jeupe na chupa ya maji ya kanisani. Alitaka asubuhi, lakini kulikuwa na mgonjwa njiani, kisha mwingine, na alipoingia hatimaye akiomba radhi jua lilikuwa limeshasimama juu ya paa na kivuli cha nyumba kimeisha chini ya ukuta. Hawakusema kuhusu saa. Valdemir akaweka komeo. Wakaweka bakuli juu ya meza, chumvi, mshumaa, na bibi akamchukua mtoto mkono wa kushoto, kichwa chake juu ya bakuli, akaanza maombi kwa haraka ya mtu aliyeyasema maisha yake yote, akayasema kama mtu anavyosuka mkeka, vidole vinajua, na Durvalina akasimama mbele yake ameshika mshumaa, jina liko tayari kwenye ulimi, analihisi kabisa, kama punje ya mahindi.

Makofi.

"Endelea, Bi," Valdemir akanong'ona.

Bibi hakuwa ameacha. Makofi yakaja tena, mlangoni, kisha dirishani, kisha kwenye ukuta wa jikoni, kisha pande zote, vikono vinaizunguka nyumba vikipiga udongo, na harufu ikapita chini ya mlango na kupanda kama maji yanavyopanda ndani ya mtungi, ikamfika Durvalina magotini, tumboni, na tumbo lake likakaza, likakaza kabisa kama siku ile, uchungu ule ule wa chini unaokuja na kuachia, akashika meza, akasikia mtu nje analia, na hakikuwa kilio cha dude, hilo ndilo lililomvunja, hakikuwa cha kutisha hata kidogo, kilikuwa cha kichanga aliyeachwa juani, kilio kile ambacho mwili wa mama husimama wenyewe na kukiendea kabla yeye hajaamua, na ndani ya kilio kile sauti ya maji ikasema mama, mama jua ni kali, na Bi Quitéria, jasho linamtiririka, maji ameshayainua mkononi, akauliza kwa nguvu juu ya kelele zote:

"Mnampa mtoto huyu jina gani?"

"Durvamir."

Lilisemwa wazi. Lilisemwa kwa sauti ya Durvalina, na ile tabasamu ndogo iliyokuwa ndani yake siku ya machela. Na mkono wa bibi, ambao haukuwahi kungoja kitu kati ya swali na maji kwa miaka yote hiyo, ukageuka.

"Durvamir, nakubatiza kwa jina la Baba—" na hapo macho yake yakafunguka makubwa, lakini maji yalikuwa yanashuka, yalikuwa yameshafika kwenye paji la uso, na midomo ikamaliza yenyewe, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Kelele zikakatika. Zote, kwa mara moja. Nje punda wa mtu akatikisa masikio, wakamsikia.

"Siyo mimi," Durvalina akasema. "Siyo mimi, ilitoka mlangoni. Valdo. Ilitoka mlangoni, ulisikia."

Valdemir alikuwa anamtazama mdomo.

"Valdo!"

"Nilikuwa nakutazama wewe," akasema polepole. "Durva, nilikuwa nakutazama wewe."

Bi Quitéria akamlaza mtoto kwenye machela. Alimlaza kwa uangalifu sana, kwa ncha za vidole, kisha akavifuta vidole kwenye shali, akaanza kukusanya vitu vyake. Chumvi aliiacha. Durvalina akamshika mkono, arudie, tafadhali, maji yapo, chupa ina maji bado, na bibi akatikisa kichwa bila kumtazama. "Haurudiwi," akasema. Walimpa kahawa, hakunywa. Alitoka, akasimama kwenye njia nyeupe kama aliyesahau anakwenda upande gani, kisha akaenda.

Harufu haikuwepo tena. Nyumba ilinuka nta, na moshi, na kuskusi ya asubuhi. Valdemir akainama juu ya machela, akatazama muda mrefu, akajaribu kucheka. "Ni yeye," akasema. "Njoo umwone. Ni yeye yule yule, pua ya mama yako." Lakini hakumtaja. Durvalina aliona kwamba hakumtaja kwa jina, na akaona kwamba hatamtaja leo, wala kesho.

Mtoto akaanza kulia.

Ilikuwa njaa. Mama yeyote angejua, alikuwa hajanyonya tangu alfajiri. Durvalina alisimama upande wa pili wa chumba, mgongo kwenye ukuta, akasikiliza kilio kile kwa makini kama hajawahi kusikiliza kitu maishani, akitafuta ndani yake sauti aliyoijua, akaipata, akaipoteza, akaipata tena. Valdemir akamtazama yeye, akatazama machela. Kilio kikapanda. Na Durvalina hakuwa ameamua lolote, hakuwa amepiga hata hatua moja, alipohisi kifua kinauma na blauzi yake inalowa maziwa mbele, pande zote mbili.